Okidi ya Sajenti Yosamu

Kasese, 12 Februari 2011

Binti yangu Resty,

Natumaini barua hii itakukuta umekula na umelala, maana ninyi wauguzi hamjui kufanya vyote viwili siku moja. Mimi ni mzima. Masikio ni yale yale; mizinga ya jeshi iliondoka nayo na haijayarudisha. Uliponipigia simu juzi nilisikia mtu anakaanga mahindi ndani ya simu, basi. Ndiyo maana naandika. Barua nimemkabidhi Kakule, dereva wa magari ya Bwera, nikamwambia akiipoteza atakimbia kuzunguka uwanja mpaka jua lizame.

Kwaya ya kanisa imenitoa kwenye besi, eti naimba wimbo wa Jumapili iliyopita. Jogoo mwekundu amekufa kwa uzee. Rafiki yangu Blasio wa Kitswamba alileta mkungu wa ndizi, na kijana wake Benon anakusalimu. Anakusalimu sana.

Sasa jambo lenyewe. Ile okidi yako, ua la kwenye chungu uliloniachia ulipohamia Bwera kwa sababu chumba chako cha hospitali hakina dirisha la maana, imeugua. Mimi naiita Kuruta, maana ilifika hapa imesimama wima na haijui kitu. Nimeitunza kwa nidhamu. Kila asubuhi kabla ya chai naimwagia maji ya baridi kichwani, kama tulivyoogeshwa sisi kambini. Sasa majani matatu yana madoa. Doa linaanza kama tone la mafuta kwenye shati, lina unyevu. Baadaye linakuwa la kahawia, na kulizunguka kuna duara la njano. Jani la chini kabisa limelainika kama ndizi iliyosahauliwa kabatini.

Niambie la kufanya. Na niambie pia ni nani aliyekupa ua hili. Siku ulipolileta nilikuuliza, ukasema maji yanachemka, ukakimbilia jikoni. Nilikwenda kuangalia. Hapakuwa na maji jikoni.

Mimi baba yako,
Sajenti mstaafu Yosamu Mumbere


Bwera, 23 Februari 2011

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na kuku waliobaki. Pole kwa jogoo. Huku Bwera tuko salama, kazi ni nyingi. Mama mmoja kutoka upande wa Kongo amejifungua mapacha mikononi mwangu; wa kike wamemwita Resty. Wa kiume nao walitaka kumwita Resty, tukawaomba wafikirie upya. Usimlaumu kwaya master. Mimi ndiye niliyekaa mbele yako miaka yote hiyo, najua.

Baba, tafadhali usiogeshe okidi. Hiyo si askari. Kwao inakaa juu ya shina la mti, inakunywa kwa mizizi, na inapenda upepo upite kwenye majani yake. Maji yakilala katikati ya majani yanakaribisha ugonjwa. Kama doa ni jororo, lina duara la njano, na likibonyezwa linatoa maji, hiyo ni bakteria, na bakteria husafiri na maji kutoka jani hadi jani. Kama ni kavu na jeusi, huenda ni kuvu. Kama liko upande wa jua tu, basi imeungua. Kwa maelezo yako naona ni hilo la kwanza. Nilimwuliza mtu anayejua, naye anasema hivyo hivyo.

Iondoe karibu na begonia za marehemu mama, isiziambukize. Chukua wembe mpya, upitishe kwenye moto, ukate jani mahali penye kijani kizima, mbali kidogo na doa. Ukimaliza jani moja, pitisha wembe motoni tena kabla ya kugusa la pili, kama sisi tunavyobadilisha glavu. Vipande vichome. Halafu paka unga wa mdalasini pale ulipokata, kidogo tu, usiguse mizizi maana utaikausha. Mwagilia asubuhi, kwenye magome ndani ya chungu, na usirudie mpaka yakauke.

Nani alinipa? Ni zawadi tu, Baba. Watu hupeana zawadi.

Bintiyo,
Resty


Kasese, 19 Machi 2011

Resty mwanangu,

Salamu. Mvua imeanza, na Mto Nyamwamba umeanza kupayuka kiasi kwamba hata mimi nausikia. Blasio ameanza kupanda maharage. Benon anakusalimu.

Barua yako nimeipata juzi. Kakule aliificha chini ya kiti chake isilowe, akasahau kwamba aliificha. Mimi sikungoja. Askari hangoji dawa huku mgonjwa analia. Nilikwenda duka la pembejeo, nikanunua ile dawa ya shaba ya rangi ya buluu wanayopulizia kahawa, nikakoroga. Kipimo kwenye pakiti kilionekana cha kibahili, nikaongeza. Nikaipuliza Kuruta juu, chini na ubavuni.

Asubuhi yake majani yalikuwa na madoa ya zamani, na juu yake madoa mapya ya kuungua.

Nilikuwa nimekaa nayo kibarazani, akapita mwanamke mmoja wa Kongo anayeuza miche kando ya barabara inayokwenda Kilembe. Alisimama kwenye uzio. Akasema kitu, nikamwambia aseme kwa sauti. Akafungua geti mwenyewe, akaja mpaka sikioni.

"Papa, hii maua ulifanyia nini? Iko kama mutu aliangukia mu masufuria!"

"Nimeitibu," nikasema.

"Uliitibu? Basi shukuru Mungu hauko munganga!"

Akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaniletea maji safi, tukaosha sumu yote, akaikausha kwa kitambaa jani baada ya jani, taratibu kama mtu anayemfuta mtoto pua. Barua yako ilipokuja ilikuta hiyo imeshafanyika, tukakata kama ulivyoagiza. Jani moja halikuwa na sehemu nzima ya kuachwa, likaenda lote. Yanabaki manne.

Huyo mwanamke ni mtu wa kawaida tu. Nimemtaja kwa sababu ripoti lazima iwe kamili.

Lakini wewe jihadhari na watu wa mpakani. Nilikuambia siku zote: Bwera kuna maneno matamu. Mtu anaishi huku, nyumba yake iko kule, na binti wa mtu akivuka ule mto wa mpakani unabaki kumwona kwenye picha. Kitswamba ni karibu. Ukipiga filimbi wanakuja.

Na huyo "mtu anayejua" ni nani?

Baba yako


Bwera, 8 Aprili 2011

Baba mpendwa,

Nimecheka na barua yako mpaka mama wa wodi akaja kuona nani amerukwa na akili. Huku soko la Mpondwe, pale mpakani, limefurika, malori yamepanga foleni, na harufu ya samaki wa chumvi inaingia hadi chumba cha kujifungulia. Watoto wa hapa watakuwa wanazaliwa na hamu ya kula.

Mshukuru sana jirani huyo kwa niaba yangu. Umemweleza hadi kicheko chake na kitambaa chake, ila jina hukuliandika. Ana jina?

Sasa angalia kama madoa yanaongezeka au yamesimama. Doa la zamani halitafutika, Baba, usihangaike nalo. Linabaki kama kovu. Tunachotaka ni lisipatikane jipya. Ukiona jani linalegea ingawa halina doa, shida iko chini, kwenye mizizi.

Pasaka sitakuja. Ratiba imenibana, watu wengi wameomba ruhusa na mimi nimekubali kubaki. Usikasirike. Nitakutumia samaki kwa Kakule, na huyo hatawaficha chini ya kiti, maana watajisema wenyewe.

Wako,
Resty


Kasese, 30 Aprili 2011

Resty,

Samaki walifika. Gari zima lilijua ni wa Sajenti Yosamu.

Pasaka nilikula bundu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, chakula cha watu, kwa jirani. Jina lake ni Wivine. Ni mjane kutoka Butembo, watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa. Ni Mkatoliki. Alinialika kwa sababu alipika nyingi. Sasa umeridhika?

Madoa mapya hakuna. Lakini ulisema kweli, jani moja lilianza kulegea bila doa. Wivine akasema, "Tuitoshe mu nyungu, tuone miguu yake." Tukatandika gazeti mezani, tukaigeuza. Mizizi mingine ilikuwa ya kijivu, migumu, safi. Mingine ukiibana inatoa maji na kubaki uzi. Tukakata yote iliyooza, pamoja na lile jani lililolegea. Magome ya zamani yalikuwa yamekuwa tope, kwa hiyo Wivine alileta vipande vya mkaa na magome ya mti aliyoyachemsha, tukaipanda upya. Ilitubidi kushikilia pamoja, mmoja ua, mwingine anajaza. Ni kazi ya watu wawili, haiwezekani mmoja.

Alipokuwa anasugua chungu, alikigeuza. Chini yake kuna alama, msalaba ndani ya duara. Akaniambia sikioni, "Hii nyungu iko ya masista wa kwetu Butembo. Wao wenyewe beko wanafinyanga, na beko wanalima hizi maua. Hawauzishe. Wanapatia tu mutu wanapenda."

Nikamwambia binti yangu hajawahi kufika Butembo. Akarudi kusugua chungu.

Wiki ijayo anakwenda huko kuona wajukuu. Nimemwomba apite kwa hao masista aulize dawa ya kweli ya Kuruta. Na aulize walimpa nani ua hili, kwa kuwa wewe umepoteza kumbukumbu.

Benon anakusalimu, ingawa sijamwona.

Baba


Bwera, 6 Mei 2011

Baba,

Salamu kwa haraka, Kakule ananipigia honi hapa nje. Tafadhali usimsumbue mama Wivine na masista. Ni wazee, wana sala zao. Ua limeshapona, umesema mwenyewe hakuna doa jipya. Naomba asiende. Nitakueleza mimi mwenyewe nikija.

Resty


Kasese, 11 Juni 2011

Resty mwanangu,

Sikuandika mwezi mzima kwa sababu sikujua niandike nini. Barua yako ilifika Wivine akiwa ameshavuka Mpondwe.

Alirudi na mfuko wa magome mazuri, na maagizo ya sista mmoja mzee: kivuli cha asubuhi, upepo, maji machache, na mtu asiwe na haraka. Nikamwuliza lile la pili. Akaanza kupanga miche yake. Nikauliza tena. Wewe unajua sauti yangu nikiuliza mara ya pili. Wanunuzi wawili waliondoka.

Akaja sikioni. "Niliambiwa," akasema. "Lakini hii maneno haiko yangu, na haiko ya masista. Uliza mutoto wako. Na ukimuuliza, usimuulize na sauti ya kambi."

Nilikasirika. Sikwenda kwake siku kadhaa. Kuruta nikaimwagilia peke yangu, na niliona aibu kwa sababu nilikuwa naiambia maneno ambayo nilikuwa nayaweka kwa ajili ya kumwambia yeye jioni.

Basi nakuuliza bila sauti ya kambi. Karatasi haipigi kelele. Mama yako alipotutoka ulikuwa na miaka saba, na nilikusuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka wake za askari wakanihurumia. Hukuwahi kunificha kitu. Ulipovunja kioo cha afande mkuu ulikuja kuniambia kabla kioo hakijafika chini. Nimefanya nini mpaka ukaanza kuniogopa?

Baba yako


Bwera, 18 Juni 2011

Baba yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa nyuma ya stoo ya dawa, na nililia, halafu nikafurahi, na sasa naandika kabla sijapoteza moyo.

Anaitwa Gracien. Ni wakala wa forodha pale Mpondwe, anashughulikia makaratasi ya malori ya maharage na kahawa. Alimleta dada yake hospitali kujifungua, akakaa nje kwenye benchi usiku na mchana, na kila nilipotoka alisimama kama vile mimi ni askofu. Mtoto alipozaliwa akaenda zake. Baada ya hapo akawa anakuja kumwona mtoto, na mtoto alikuwa ameshatoka hospitali siku nyingi.

Sista yule mzee ni shangazi yake. Okidi, sista alimpa Gracien ili anipe mimi. "Mtu anayejua" ni sista huyo. Na Pasaka sikuwa kazini, Baba. Nilikuwa Butembo, nimekwenda kuonana na wazazi wake. Nilikudanganya, na samaki wale nilikutumia kwa sababu moyo uliniuma.

Sikukuogopa wewe. Niliogopa kile ulichoandika, kwamba binti akivuka mto anabaki kuonekana kwenye picha. Kila nilipotaka kukuambia nilikuona umekaa kibarazani peke yako na redio usiyoisikia. Na kila barua ilikuwa na Benon. Baba, Benon ni kijana mzuri, lakini tangu tukiwa watoto hajawahi kuniambia neno zaidi ya "Mama amesema mnipe chumvi."

Gracien anataka kuja kwako na wazee wake kama inavyotakiwa. Nilimwambia angoje. Sasa nangoja mimi.

Na swali moja kwa heshima zote. Baba gani huyu anayemtuma jirani "wa kawaida tu" avuke mpaka kwa ajili ya jani?

Bintiyo,
Resty


Bwera, 20 Julai 2011

Baba mpendwa,

Natumaini mlifika salama, wewe na mama Wivine na Kuruta. Watu wa Mpondwe bado wanasimulia. Naandika kwa sababu siku ile mengi yalikupita, na najua uliitikia "sawa" mara nyingi bila kusikia. Haki yako ujue ulikubali nini.

Kwanza, hukutoa taarifa kwamba unakuja. Gracien alikuwa kwenye geti la forodha anabishana na dereva wa lori la maharage, akasikia nyuma yake, "WEWE NDIYE GRACIEN?" Baba, sauti ile ilisikika hadi Kasindi, upande wa Kongo. Karatasi zilimwanguka. Akageuka, akakuona umevaa koti na medali zako, na nyuma yako mwanamke amekumbatia okidi. Alisimama wima hata miguu ikagongana. Wapagazi wote waliweka mizigo chini watazame.

Ulimwuliza, "Utampeleka wapi mtoto wangu?" Yeye akajibu, na wewe hukusikia, kwa sababu alijibu kwa sauti ya mtu anayeungama. Mimi nilikuwa nimefika, nimekuja mbio na sare. Alisema hivi: "Papa, sitamupeleka fasi yoyote. Nyumba tutapanga hapa Bwera, upande wa kwenu. Sikukuu tutakuwa tunakuja kwako. Na kama siku moja utachoka kukaa peke yako, kwetu chumba yako itakuwa."

Wewe ukamkazia macho, ukasema, "Sawa. Na madoa je?"

Maskini alidhani ni mtihani. Akaipokea okidi kwa mama Wivine, akaipindua jani kwa jani mbele ya lori, akasema makovu yapo lakini ni makavu, ugonjwa umesimama, na huu mzizi mpya wenye ncha ya kijani ni dalili nzuri. Wewe hukusikia hata hilo. Lakini nilikuona ukitazama mikono yake jinsi inavyogusa jani. Ukasema, "Sawa," na hiyo ya pili ilikuwa sawa ya kweli.

La mwisho ni hili, na nimefikiria sana kama niandike. Mlipokuwa mnarudi, wewe ulitangulia, sisi wanawake tukafuata nyuma. Mama Wivine aliniambia bila kupunguza sauti, maana alijua husikii: "Papa yako amenunua kwangu miche ya avoka mpaka imejaza lupango ya nyumba yake, na shamba hana. Muzee huyu akiniuliza, nitakubali. Lakini hataniuliza. Anaogopa mutoto wake."

Baba, mutoto wake ni mimi. Siogopeshi.

Resty


Kasese, 6 Agosti 2011

Resty mwanangu, pamoja na Gracien kama anasoma juu ya bega lako,

Salamu kutoka nyumba yenye avoka nyingi. Sisi ni wazima. Nilipanda baiskeli mpaka Kitswamba kumweleza Blasio mambo yako uso kwa uso, maana rafiki hatumiwi habari kama hiyo kwa mtu. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilipofika nusu yake, Blasio alianza kucheka, mkewe akacheka, mpaka mbwa akabweka. Kumbe Benon ana mchumba Fort Portal tangu mwaka jana, na Blasio alikuwa ameshindwa kuniambia, akawa ananiletea ndizi. Kumbe wakati wote huo sisi wazee wawili ndio tuliokuwa tunachumbiana. Amesema atakuja kukaa upande wangu siku wazee wa Butembo watakapofika. Waje Jumamosi ya pili ya Septemba.

Okidi ina majani matatu yenye makovu, na katikati limechomoza jipya, dogo kama ulimi wa mtoto wa paka, halina doa hata moja. Ua sijaliona. Sista alisema mtu asiwe na haraka, nami sina.

Sasa ripoti ya lile uliloandika mwisho. Niliisoma barua yako mara nyingi. Halafu nikavaa koti, nikatoka mpaka kwenye kitalu chake kando ya barabara. Wivine alikuwa anamwagilia miche. Nilikuwa nimekusudia kumwuliza polepole, kwa faragha. Lakini mwanangu, mimi sijui sauti yangu inaishia wapi. Nilipomaliza kuuliza, wenye boda boda wa ng'ambo ya barabara walikuwa wamezima injini, na mwuza nyanya alikuwa ameshika kifua. Mtaa mzima ulisikia kabla yake.

Akajibu. Niliona midomo yake. Sikusikia. Nikamwambia, "Sisikii."

Akasema tena. Watu wote kando ya barabara walishajua jibu, mimi peke yangu nikawa sijui. Nikasema, "Wivine, sisikii."

Basi akaweka ndoo chini. Akafuta mikono kwenye kitenge. Akauchukua mkono wangu, akauweka shavuni mwake, akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena, taratibu, mpaka mkono wangu ukaelewa.

Mchungaji wangu na padri wake wameanza kuzungumza, na inaonekana watachukua muda, maana wote wawili wanapenda kuzungumza. Ni vizuri. Wewe ndiwe mtoto, na haifai baba kumtangulia binti yake kanisani. Kwa hiyo tangulieni ninyi.

Lakini tafadhali msikawie. Tumesimama nyuma yenu.

Baba yako,
Yosamu